Nyuma, Mwanangu!

Paa la jumba la manispaa la Philadelphia halionekani ukisimama mlangoni. Ukiinua kichwa pale chini utaambulia tumbo la karnisi, ule ukingo uliojitokeza juu ya ukuta, na videvu vya sanamu, na shingo ikuume bure. Paa lenyewe, lile la Kifaransa, limejificha nyuma ya karnisi: sehemu ya chini imesimama karibu wima na madirisha yake, ya juu imelala karibu bapa. Linaitwa mansadi, kutokana na François Mansart, msanifu wa karne ya 17. Dawa ni kurudi nyuma. Kipimo changu ni urefu wa ukuta, halafu uongeze kidogo.

Siku hiyo nilikuwa na wageni tisa. Niliwapeleka upande wa magharibi, Dilworth Park, saa kumi alasiri, kwa sababu jua likishapinda ndipo michongo inapopata vivuli. Nikaanza kurudi nyuma, uso kwao, mkono juu, miguuni viatu vya soli ya ngozi.

Ujenzi ulianza 1871, nikasema, kwa fasheni ya Paris ya Napoleon III, kaisari wa Ufaransa, ingawa mwenyewe alishapinduliwa mwaka uliotangulia. Jumba likaja kumalizika 1901. Ni suti ya harusi iliyopelekwa kwa fundi wa "njoo kesho": inatoka, bwana harusi ana wajukuu. Wakacheka. Nikarudi hatua tano.

Mama mmoja wa Tanga, mtu mzima, akasema, "Mwanangu, nyuma!"

"Nyuma tutazunguka, mama. Kwanza tumalize mbele."

Nikahamia mnarani: mita 167, na juu kabisa sanamu ya William Penn, mwasisi wa mji huu, ya shaba nyeusi, mita 11, tani zipatazo 24. Mchongaji, Alexander Milne Calder, alitaka aelekee kusini apate jua usoni. Wakamwelekeza kaskazini mashariki.

"Nyuma, baba, nyuma!"

"Mama, jumba lina pande nne, zote tutaziona."

Chemchemi ya pale haina ukingo, na hapo ndipo penye mtego. Ni sakafu ya graniti iliyo sawa na uwanja, juu yake utando wa maji, na vitundu vinavyorusha maji kwa zamu. Kisigino hakipati pa kujikwaa kikashtuka. Soli ya ngozi ikikutana na graniti yenye maji, ni sabuni. Mguu wa kulia ukashika njia ya New Jersey, wa kushoto ukabaki kuusubiri, nami nikakaa kitako juu ya kitundu ambacho zamu yake ndiyo kwanza ilikuwa imefika.

Shati lilipanda hadi kwapani. Karatasi zangu zikaondoka na maji, 1871 mbele, 1901 nyuma. Mtoto mwenye nguo za kuogelea akaja akanisimamia kichwani, kimya, kama mtu aliyekaliwa kiti chake.

Mama akasogea hadi maji yanapoanzia, akakusanya pindo la kanga.

"Sasa hapo ulipo, mwanangu, paa linaonekana?"

Nikatazama. Lilikuwa linaonekana lote.