Paka wa mtaa anapougua, ni wa nani?

Mombasa hatuna uhaba wa watu wa kulisha paka. Pita Kibokoni baada ya isha, au kwenye soko la samaki la Mji wa Kale asubuhi, uone wanavyokusanyika miguuni mwa watu na kila mtu anavyowatupia alichonacho: matumbo ya samaki, kichwa cha changu, wali uliobaki kwenye sinia. Bibi wa chini anasema yule wa kijivu ni wake. Jirani wa ghorofani anasema ni wake. Muuza kahawa wa barazani ana jina lake la kumwita, na paka anawaitikia wote. Mapenzi haya ni ya kweli na nayaheshimu. Linaloniuma ni siku paka yuleyule anapogongwa na tuktuk, au jicho linapovimba likatoa usaha. Siku hiyo wenyewe wote hawaonekani, na jibu ni moja: "Huyo ni wa mtaa."

Nami nasema, ikiwa ni wa mtaa, basi mtaa umpeleke kwa daktari.

Nina paka nyumbani, na jirani zangu wakizidiwa na wao huniita, kwa hivyo benchi la kliniki ya wanyama nalijua vizuri. Jumamosi asubuhi ndipo hujaa. Mama amefunika kikapu kwa leso ili paka asiione njia akaanza kulia. Kijana amebeba mtoto wa mbwa ndani ya boksi la biskuti, na boksi lenyewe limelowa chini. Mlinzi kutoka Nyali ameshika mnyororo wa jibwa la bosi wake, na ukimsikiliza akizungumza na daktari utajua ni nani hasa anayemtunza: yeye ndiye anayekumbuka mbwa ameacha kula lini, amekunywa maji kiasi gani, kinyesi kilikuwa cha rangi gani. Madaktari wanaojua kazi yao huwauliza walinzi na wasichana wa kazi kwanza, kisha ndiyo wampigie mwenye mbwa simu kuhusu malipo.

Wengi wetu Waislamu wa pwani ni wa madhehebu ya Shafi, na kwetu kilichoguswa na ute wa mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Ndiyo maana utaona wanawake wenye buibui wanasogea upande wa pili wa benchi jibwa linapoingia, na hakuna anayekasirika. Lakini dini hiyohiyo imetufundisha habari ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, na ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula wala kumwachia ajitafutie. Kuepuka ute wa mbwa hakumzuii mtu kumwonea huruma anayeliwa na kupe. Nimemwona mzee wa Majengo, kanzu imepigwa pasi, akimleta mbwa wa kiwanjani aliyevunjika mguu kwa kumlaza ndani ya mkokoteni. Alisimama mbali kidogo, akalipa, akasubiri hadi mguu ukafungwa.

Kwa paka wa mtaa shida huanzia kwenye kadi ya kliniki. Msaidizi anauliza jina la mnyama, umri, jina la mwenyewe. Kwenye jina la mwenyewe watu husita. Wanaogopa kwamba wakijiandikisha leo, kila gharama ya kesho itakuwa juu yao. Hofu hiyo naielewa, maana matibabu si bure na mshahara una kazi zake. Lakini kusita huko ndiko kunakomleta paka akiwa ameshachelewa, baada ya wiki nzima ya dawa za kubahatisha.

Na dawa za kubahatisha zinaua. Hapa naomba nisikilizwe vizuri. Siku moja kliniki aliingia msichana wa shule na paka mweupe mwenye madoa, paka wa kichochoroni kwao. Alikuwa na joto, watu wazima wakamponda kipande cha panadol wakampa kwa maziwa, kwa nia njema kabisa. Daktari aliinua mdomo wa juu kwa kidole gumba akatuonyesha ufizi. Ufizi wa paka mzima ni wa waridi. Wa yule ulikuwa rangi ya matope. Uso umevimba, anahema kwa mdomo wazi. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja parasetamoli, ambayo ndiyo panadol, kama letu, hivyo sumu yake huishambulia damu hadi ikashindwa kubeba oksijeni. Kidonge kimoja cha mtu mzima kinatosha kumuua paka. Msichana alikuwa akilia na hakuna aliyemgombeza, wala hakustahili kugombezwa. Waliomzunguka, wengi wao watu wazima, hawakuwahi kuambiwa.

Ni vilevile na dawa za kupe na viroboto. Baadhi ya zinazouzwa kwenye agroveti kwa ajili ya mbwa zina permethrini, ambayo mbwa anaistahimili na paka haistahimili. Akipakwa hutetemeka mwili mzima na anaweza kufa. Mwenye duka akikuambia "hii ni ya wanyama wote", muulize tena. Na paka dume anayeingia na kutoka kwenye mchanga akikamua bila kutoa mkojo hajafunga choo, wala si wa kupewa mafuta ya nazi. Mara nyingi njia ya mkojo imeziba, na ndani ya siku moja au mbili sumu hupanda mwilini ikasimamisha moyo. Huyo apelekwe saa hiyohiyo, hata ikiwa ni usiku.

Wengine watasema paka wa Mombasa wameishi hivi karne na karne bila daktari, wakila samaki na kulala juani, na wako sawa. Hawako sawa, wanakufa wadogo na sisi tunamzoea anayefuata. Hata hao samaki si chakula kamili: baadhi wakiliwa wabichi kila siku huharibu vitamini B1 mwilini mwa paka, naye huanza kuyumba na kuinamisha kichwa. Tuwape waliochemshwa, bila chumvi wala bizari. Na jua hili letu, ukimtazama vizuri paka mweupe mzee utaona ncha za masikio zina kigaga kisichopona. Mara nyingi hiyo ni saratani ya ngozi. Daktari akiiona mapema hukata ncha ya sikio, na paka anaishi miaka mingine.

Sababu inayopaswa kumgusa hata asiyependa wanyama ni kichaa cha mbwa. Kenya kiliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa karibu na Nairobi, na bado tunacho. Duniani kinakadiriwa kuua watu 59,000 kwa mwaka, na takriban 4 katika kila 10 ni watoto chini ya miaka 15, kwa sababu mtoto ndiye anayecheza na mbwa wa njiani na ndiye asiyesema nyumbani akiumwa. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Anayeng'atwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo akaanzishiwa chanjo. Pilipili, kitunguu saumu na makaa havina kazi hapo. Paka naye hukipata na hukiambukiza, jambo ambalo wengi barazani hulisikia kwangu kwa mara ya kwanza.

Serikali ilitoa mpango wa mwaka 2014 wa kukitokomeza kichaa cha mbwa kwa binadamu ifikapo 2030, na nguzo yake ni kuwachanja angalau asilimia 70 ya mbwa. 2030 i mlangoni. Chanjo yenyewe ni sindano ndogo, mnyama akifikisha miezi 3, kisha ya kurudiwa kama daktari atakavyopanga, kwa kawaida kila mwaka. Kila ifikapo Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, 28 Septemba, tazama ikiwa karibu yako panatolewa chanjo ya bure, uwapeleke mbwa wa mtaani kwenu pamoja na wako. Ninaloomba kwa dhati ni kwamba tuache kutegea sumu. Kuna mitaa ambayo wanyama wakizidi watu hutia sumu kwenye nyama usiku, na asubuhi watoto wakienda madrasa huwakuta wamelala mtaroni. Ni ukatili, na pia haisaidii. Chakula kikibaki na nafasi ikibaki, mbwa wengine huhamia, na hao wapya hawana chanjo hata mmoja. Mbwa aliyechanjwa akiachwa mahali pake ndiye kinga ya mtaa.

Sasa kuhusu kuzaana. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 au 5, mimba yake ni wiki 9 hivi, na akimaliza kunyonyesha, wakati mwingine hata kabla, huanza tena. Nchi za baridi paka hupumzika kuzaa siku zinapokuwa fupi. Sisi tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, urefu wa mchana wetu haubadiliki sana, kwa hivyo paka wetu huzaa mwaka mzima. Ndiyo maana kila ukigeuka kuna watoto chini ya ngazi, na wengi wao hufa wakiwa bado wachanga, mara nyingine kwa mafua ya paka. Kumfunga kizazi jike na kumhasi dume ndiyo huruma iliyo kubwa kuliko sahani ya samaki. Najua wapo wanaoona ni kuingilia maumbile. Masheikh wenyewe wametofautiana, na wapo walioruhusu panapokuwa na maslahi na bila kumdhuru mnyama. Aulizwe sheikh wa msikiti wenu. Mimi nimekwisha kuona ndama wa paka, kama watoto wangu wanavyowaita, wakikusanywa kwenye mfuko wa takataka, na kwangu maslahi hayahitaji maelezo zaidi.

Pesa ndiyo watu huuliza kwanza. Upasuaji wa jike katika kliniki ya kulipia ni maelfu ya shilingi, na hakuna anayemlazimisha mtu mmoja ayabebe. Lakini mtaa uleule una kikundi cha WhatsApp cha harusi, kingine cha matanga, kingine cha kununua maji bowsa linapochelewa, na jioni moja pesa hupatikana. Nyumba 20 zikitoa 200 kila moja kwa mwezi ni 4,000, na madaktari niliozungumza nao wako tayari kupunguza bei wakiletewa wanyama kadhaa kwa mpango kuliko mmoja anayekufa. Kwenye kadi yaandikwe majina mawili matatu, pawe na namba ya mweka hazina. Paka akiwa bado kwenye usingizi wa dawa, daktari akate ncha ndogo ya sikio, ili hata mtu wa mtaa wa pili ajue huyu ameshafungwa kizazi na asimkamate tena bure.

Waanze majike, na miongoni mwao wanaokula mlango mmoja kila siku, kwa sababu hao hushikika. Kikapu chenye kifuniko kinatosha, na dereva wa tuktuk anayekubali abiria wa aina hiyo achukuliwe namba. Kinachotaka kazi ni usiku wa kuamkia upasuaji. Paka mzima anatakiwa asile tangu usiku, la sivyo anaweza kutapika akiwa amelala na matapishi yaingie mapafuni. Na paka wa mtaa ana milango 10 ya kula. Ukiwaambia nyumba zote wasimpe, mmoja atamhurumia. Kwa hivyo kabla ya kutafuta mweka hazina, mtafuteni mwenye ua au stoo yenye mlango unaofungika, akubali kumlaza humo kuanzia magharibi, na bakuli la maji tu.