Viti vya bustani: vanishi au mafuta?

Benchi la mtiki likitoka kwa fundi limepigwa vanishi, hung'aa hadi mtetezi wa mafuta akakosa la kusema. Ubishi huanza upya masika na vuli zikishapita.

Kwa kweli vanishi ina hoja nzito. Maji hayapenyi, chai ikimwagika haiachi doa, vumbi hufutika kwa kitambaa. Ila ni angavu, na mwanga hupita. Mionzi ya urujuanimno (UV) ya jua huvunja lignini, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mbao, kwa hiyo vanishi nzima hujikuta imeng'ang'ania uso uliokwisha kulegea. Ufa ukitokea, maji huingia chini yake yasipate pa kutokea, na maganda huanza. Anayetaka vanishi lazima anunue ile ya boti, yenye kinga ya jua. Mtiki una mafuta yake, hivyo ufutwe kwa thina kwanza. Koti la kwanza lichanganywe na thina nusu kwa nusu ili lizame, kisha mengine manne hadi sita, msasa namba 240 ukipita kati yake. Ncha za miguu ndizo zinazofyonza maji kuliko popote, na ndizo fundi husahau. Halafu kila mwaka koti jipya, kabla la zamani halijabanduka. Ukichelewa, utakwangua lote hadi mbao. Sila, ile ya kuziba vitundu vya mbao kwenye makabati ya ndani, isitumike nje kabisa.

Mafuta juani hudumu miezi mitatu hadi sita tu. Lakini hayana ganda la kubanduka: osha, kausha, piga msasa namba 120, paka, ngoja dakika 15, kisha futa yote yaliyobaki juu, la sivyo yatanata na kukamata vumbi. Mafuta ya kitani matupu huota ukungu mweusi kwenye unyevu wa pwani. Tafuta yenye dawa ya ukungu. Vitambaa vya kufutia vitandazwe nje vikauke. Vikirundikwa hupata joto na kuwaka vyenyewe.

Barazani penye kivuli, tungepiga vanishi. Juani, mafuta, maana kasoro yake hurekebishwa asubuhi moja. Wenye majahazi walipaka mbao sifa, mafuta ya papa, wakarudia na kurudia (harufu yake sebuleni ni habari nyingine).

Mtiki mchanga wenye mbao nyeupe pembeni utaoza kwa vyovyote. Geuza kiti, kague chini, ndipo ulipe.