Wingi wa wadudu shambani Tabora unatudanganya

Wapo wanaosema jembe la mkono ndilo linalomaliza misitu ya miombo ya Tabora, na nyuki pamoja nayo. Wapo wanaojibu kwamba shamba la ekari mbili lenye mahindi, kunde na maboga lina uhai kuliko shamba la trekta, kwa hiyo mkulima mdogo aachwe. Hawa wa pili wana hoja nzito. Shida yangu nao ni kipimo wanachotumia.

Tuanze na hoja yao. Ingia shamba la maboga Sikonge au Uyui asubuhi wakati wa masika. Ua la boga hufunguka alfajiri, na kabla ya adhuhuri limeshajikunja. Ua jike lisipofikiwa na nyuki asubuhi hiyohiyo, kiboga kichanga hugeuka njano na kudondoka. Katika saa hizo chache utakuta nyuki wa asali wamejaa chavua mgongoni, na penye marejea, ule mmea wa kurutubisha udongo, utasikia wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao. Miti mingi ya miombo huchanua kabla ya mvua, mashamba yakiwa matupu. Mvua zikishika, maboga na alizeti hupokea zamu. Nyuki anakula huku na huku. Mashine hazikuwahi kutupa hayo: Mpango wa Karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuvunjika 1951, ulifyeka pori la Urambo na karanga zenyewe hazikuonekana.

Baada ya karanga Urambo ikapata tumbaku, na hapo ndipo hoja inapogeuka, kwa sababu tumbaku nayo hulimwa na wakulima wadogo. Ua lake huvunjwa mapema ili nguvu iende kwenye majani, hivyo nyuki hapati kitu. Majani hukaushwa kwa moto ndani ya bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, na kuni za bani hutoka porini. Ekari moja ya mtu mmoja haina neno. Zikiungana kijiji kwa kijiji, pori hurudi nyuma kila msimu.

Sasa, hata pori likirudi nyuma, wadudu shambani wanaweza kuongezeka. Nyuki wa asali, vipepeo wa kawaida na panzi hupenda uwazi na magugu yenye maua. Wanaotoweka ni wengine, na hawapigi kelele: nyuki wadogo wasiouma, ambao wengi huishi kwenye mashimo ya miti mikongwe, na nondo ambao viwavi wao hula majani ya miti ya miombo tu. Ukihesabu vichwa, shamba linashinda. Ukihesabu aina, unaanza kuona pengo, na aina ikishatoka eneo lote haitarudi kwa kupanda alizeti.

Ndiyo maana dawa inayopendekezwa zaidi hainiridhishi. Mkulima wa tumbaku huambiwa apande miti, naye mara nyingi hupanda mikaratusi kwa sababu inakua haraka. Nyuki wa asali anaifurahia sana, maua yake yana nekta nyingi. Kiwavi wa miombo hawezi kula jani lake. Kwa kuni ni jambo jema kabisa. Kwa wadudu wa porini ni msaada wa nusu.

Warina asali nao wasiachwe nje ya hesabu, ingawa ndio watetezi wakubwa wa pori. Mzinga wa gome huchunwa kwenye mti mzima, na mti uliochunwa gome pande zote hufa.

Kuhusu sumu nitasema kwa ufupi. Tangu viwavijeshi vamizi waingie nchini mwaka 2017, bomba la kupulizia limezoeleka hata kwenye mahindi ya chakula. Sumu hiyo inaua pia nyigu na sisimizi wanaokula viwavi haohao. Anayelazimika kupuliza apulize jioni, maua ya maboga yakiwa yamefunga. Ushauri huu hauna gharama, na ulipaswa kutolewa pamoja na kila chupa inayouzwa dukani.

Kwa hiyo simwambii mkulima wa Kaliua aache kulima. Mikataba ya tumbaku na mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji ndiyo ninayotaka ibadilike: pamoja na miche iliyopandwa, ihesabu pia miti mikongwe yenye mashimo iliyoachwa imesimama shambani, na mkulima aliyeiacha alipwe kwa hilo.