Fundi PNS wa Sheffield, 1773

Jamani, kabla ile voice note haijamfikia mama mkwe naomba na mimi nisikilizwe. Huyu mshkaji niliyekwenda naye kuthaminisha birika langu kawaambia watu humo kwamba nililia. Sikulia. Ule ukumbi ulikuwa na vumbi na macho yangu mnayajua. Mengine yote aliyosema ni kweli, na kuna sehemu hata kanisitiri.

Birika lenyewe mliliona status, lile la gulioni Jumapili, pale watu wanapofungua mabuti ya magari wanauza vya stoo. Jeusi tii, zito, kitakoni lina taji na herufi nne, kila herufi kwenye kiboksi chake, ile hati ya kizamani yenye mikia. Nililipa bei ya chipsi na samaki nikaondoka mwendo wa haraka mwenyewe asije akaghairi.

Sasa mtu mwenye akili zake anaanza na kale kakitabu ka Bradbury ka mihuri inayopigwa kwenye vyombo vya fedha (silva, si hela), kanaingia mfukoni, kapo tangu 1927, kanakwambia chombo ni cha mji gani na mwaka gani, basi. Mshkaji alinishauri hivyo. Mimi nikaona kitabu chembamba vile kitalidhalilisha birika langu, nikaagiza Grimwade. Bei sitaji, mke wangu yumo humu. Likaja dude, nikalifungua kwa heshima zote, kumbe ni mafundi wa London, kuanzia 1697 mpaka 1837. London tu! Na taji lilikuwa alama ya Sheffield mpaka 1975, mji ninaoishi, ninaolipia kodi ya nyumba. Nikalisoma hivyohivyo, ningefanyaje na hela imeshatoka. Nikaongeza na Jackson, lile toleo lililofanyiwa marekebisho 1989, hilo lina England, Scotland na Ireland zote, ukitaka kulishika kwa mkono mmoja uwe umekula. Mwisho kale kadogo nako nikakanunua kimyakimya.

Na ni kadogo ndiko kaliniponza. Ofisi ya kupima fedha ya Sheffield ilifunguliwa 1773, na herufi yao ya kwanza ya mwaka (kila mwaka unapewa herufi yake) haikuwa A kama watu wengine, ilikuwa E. Naangalia kitabu, naangalia birika. E. Nafuta miwani, naangalia tena, E ileile na mikia yake. Nyie, nilitoka nje nikaizunguka nyumba nikiongea peke yangu. Zikabaki P, N na S, nikasema hizi ni za jina la fundi, nikazama kwenye Jackson kumtafuta huyo PNS mpaka alfajiri, simwoni, nikahitimisha kwamba ni fundi ambaye wataalamu hawajamgundua. Nikampa na sura kabisa, mzee mwembamba, mpole, ana aproni ya ngozi.

Mshkaji aliuliza swali moja tu: simba yuko wapi? Maana fedha halali ya England ya enzi hizo ilipigwa mhuri wa simba anayetembea, ndiye anayekuhakikishia kwamba sehemu 925 kati ya elfu ni fedha kweli. Nikamjibu simba kafutika, miaka 250 anasuguliwa, hata wewe ungefutika.

Tukaenda kwenye nyumba moja ya mnada, wana siku ya kuthaminisha vitu bure. Hapa twende polepole.

Foleni ndefu nyuma yangu. Mezani kuna bibi, nywele nyeupe, kilenzi kinaning'inia shingoni. Akasema umetuletea nini mpenzi wangu (huku kila mtu ni mpenzi wangu, hata dereva wa basi anakuita hivyo, msianze). Watu wote waliotangulia walitoa kitu chao wakanyamaza. Mimi nikafungua begi la magurudumu nikaanza kutoa vitabu. Grimwade, puu. Jackson, puu, meza ikayumba na chai ya bibi ikamwagikia kwenye kisahani. Kadogo nikakaweka juu. Vyote vina vikaratasi vimechomoza kila ukurasa. Nikakohoa. Nikaanza kumweleza mwanamke wa Sheffield, ndani ya Sheffield, habari za Sheffield, yaani sawasawa na kumpelekea mtu wa Mafia nazi halafu umfundishe na kuikuna. Nikamwambia ona, kichwa cha mfalme hakipo, na kile kiliwekwa kuonyesha kodi imelipwa kuanzia 1784, kwa hiyo birika hili ni la kabla ya hapo! Nikageuka kuwaangalia wa kwenye foleni kama wamepata hiyo pointi.

Bibi hakunikatiza hata mara moja. Akaligeuza birika, akapitisha dole gumba kitakoni, akaweka kilenzi jichoni. Akakaa hivyo. Mimi natabasamu. Halafu akaweka ukucha kwenye E, akauhamisha taratibu, kama anayemsomesha mtoto: E. P. N. S. Akasema, zinasomwa pamoja, mpenzi. E ni ya elektro.

Kwa ambao hamjui, EPNS ni electroplated nickel silver, ni chuma... chuma gani, hata chuma si chuma! Ni shaba, zinki na nikeli, wanakiita silva na hakina chembe ya silva, halafu juu kinapakwa fedha kwa umeme, biashara iliyoshika kasi baada ya akina Elkington wa Birmingham kupata hataza 1840. Kwa hiyo fundi wangu aliifanya hiyo kazi miaka 67 kabla.

Na hapa ndipo mshkaji anapopapenda. Ningenyamaza ingeisha. Lakini mdomo ukafunguka wenyewe nikauliza, kwa sauti, ukumbi mzima kimya: "Kwa hiyo PNS hakuwepo?"

Bibi akavua miwani. "Hapana mpenzi. Pole sana." Pole ya msibani kabisa, na mkono akanishika.

Jackson likagoma kurudi kwenye begi, zipu ikakwama, baba mmoja wa kwenye foleni akanisaidia kukandamiza. Bibi akanifariji kwamba wapakaji nao walikuwa wanapiga lile taji mpaka walipokatazwa 1896, kwa hiyo angalau ni la kale. Tukarudi na basi. Mshkaji alicheka tangu tunapanda mpaka tunashuka.

Mnaoniuliza inbox mnunue kipi: geuza kitu kwanza. Kama ni cha England cha zamani na huoni simba wala yule mama Britannia, alama ya fedha safi zaidi, usinunue chochote, vitabu vya mihuri ya fedha havikuhusu. Simba akiwepo, Bradbury inakutosha kwa mji na mwaka, Jackson uinunue siku ukianza kuwatafuta mafundi kwa majina.

Grimwade nauza. Safi kabisa, vikaratasi nimetoa. Mwenye kijiko cha London cha kabla ya 1837 ajitokeze, bei tutaelewana, ila aje na begi lenye zipu nzima.