Mama akija Guangzhou, mwache ashuke sokoni peke yake

Mzazi akija China kumtembelea mwanawe, wengi wetu hukimbilia kupanga Ukuta Mkuu, treni ya kasi na Mnara wa Canton wenye mita 600. Kwangu mimi ziara imefana pale ambapo, kufikia siku ya nne, mama anashuka kwa lifti, ananunua mboga na kurudi bila kukungoja utoke kazini au darasani. Mtu aliyezoea kufungua mlango alfajiri na kuamkiana na majirani, ukimwacha ghorofa ya 20 na televisheni asiyoielewa, unamuumiza, hata kama Jumamosi utampandisha mnarani.

Kwanza viza. Ikiwa wewe ni mgeni unayesoma au kufanya kazi huku, mzazi huombewa S2: barua yako ya mwaliko, nakala ya pasipoti na kibali chako cha ukaazi, na cheti chako cha kuzaliwa. Kwenye cheti ndipo watu hukwama. Jina la mama limeandikwa Mwanaisha Ali, pasipoti yake inasema Mwanaisha Ali Juma. Hati ya kiapo itafutwe mapema, si wiki ya safari.

Akilala kwako badala ya hotelini, sheria inataka aandikishwe polisi ndani ya saa 24. Mpeleke paichusuo, kituo cha polisi cha mtaa, na pasipoti zenu wote wawili pamoja na mkataba wa nyumba. Watu huahirisha kwa kumhurumia, amechoka na ndege; faini inaweza kufika yuan 2,000. Mwende siku hiyo hiyo, atalala akirudi.

Kuhusu kulala: China iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 5. Saa kumi na mbili asubuhi ya Guangzhou, mwili wake uko saa saba usiku. Siku tatu za mwanzo matembezi yaanze baada ya adhuhuri. Dawa nazo zina saa zake: kidonge cha presha anachomeza saa mbili usiku nyumbani kinaangukia saa saba usiku huku, kwa hiyo amuulize daktari wake kabla ya kuondoka namna ya kukihamisha.

Sasa soko. Mara ya kwanza shukeni pamoja, umwonyeshe kibao cha bei. Kikiandikwa 4, mama atadhani ni kilo. Ni jin, yaani gramu 500, kwa hiyo kilo ni yuan 8. Mchicha upo, unaitwa xiancai. Ule wenye wekundu katikati ya jani hutoa maji mekundu sufuriani, mwambie mapema asishtuke. Bamia pia zipo. Wauza mboga wamezoea kulipwa kwa simu, ila pesa taslimu wanapokea. Mpe noti za 5, 10 na 20, kwa kuwa ya 100 itasumbua chenji.

Alipay, programu ya kulipia kwa simu, inakubali kadi za Visa na Mastercard za nje, lakini aisajili akiwa bado nyumbani. Namba ya uthibitisho hutumwa kwenye laini yake, na huenda benki ikadai kwanza kufungua kadi kwa malipo ya mtandaoni ya nje. WhatsApp haifunguki kwa intaneti ya huku, basi WeChat nayo iwekwe kabla ya safari.

Mkobani mwake weka karatasi yenye mtaa, jengo, namba ya mlango na simu yako. Iandike kwa herufi za Kichina. Anwani ya herufi zetu haitamsaidia dereva wa teksi.

Chakula cha nje kinahitaji uangalifu kwa Mwislamu: neno rou kwenye menyu, likiwa peke yake, kwa kawaida ni nguruwe. Tafuteni mikahawa yenye maandishi 清真 (qingzhen, yaani halali), ambayo mingi huuza tambi za Lanzhou.

Matembezi, moja kwa siku linatosha. Mtu wa pwani mpeleke Yide Lu, mtaa wa samaki wakavu na kamba wa jumla, ambako harufu tu itamfungua mdomo. Kanisa kuu la mawe lenye minara miwili liko mtaa huo huo. Msikiti wa Huaisheng una mnara wa mita 36, na karibu na bustani ya Yuexiu kuna kaburi linalosemwa ni la Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume Muhammad.

Popote mwendapo bebeni karatasi za chooni, maana vyoo vingi vya umma havina, na vingi ni vya kuchuchumaa. Magoti yake yakiwa yanamsumbua, tafuta mlango wenye alama ya kiti cha magurudumu. Humo ndimo kwenye choo cha kukalia.