Siagi ya Tamale, duka la Brighton

The Body Shop, kampuni ya vipodozi, ina hadithi mbili za kuzaliwa. Ya kwanza ndiyo inayopendwa: Machi 1976 Anita Roddick anafungua kiduka Brighton, Uingereza, kwa mkopo wa pauni 4,000, anapaka kuta kijani na kuwaomba wateja warudishe chupa zijazwe upya. Kijani kile kilikuwa cha kuficha unyevu ukutani, na chupa zilirudishwa kwa sababu hakuwa na hela ya kununua nyingine. Hadithi ya pili haina mapambo. Duka lenye jina hilohilo lilikuwepo Berkeley, California, tangu 1970, na mwaka 1987 kampuni iliwalipa wenyewe dola milioni 3.5 wabadili jina. Mwandishi wa habari Jon Entine alipoanika mambo ya kampuni mwaka 1994, wapo waliohitimisha kwamba yote yalikuwa geresha.

Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Mwaka 1996 kampuni ilikusanya saini zaidi ya milioni 4 za kupinga vipodozi kujaribiwa kwa wanyama. Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kabisa mwaka 2013. Hilo si tangazo tu.

Ila kipimo kizuri zaidi kiko kwenye manunuzi. Kuanzia 1994 kampuni ilinunua siagi ya shea, mafuta ya kokwa za mti wa shea yanayotiwa kwenye vipodozi, kwa akina mama wa chama cha Tungteiya, karibu na Tamale, kaskazini mwa Ghana. Kazi yenyewe ni hii: kokwa zilizodondoka huokotwa, huondolewa nyama ya tunda, huchemshwa na kuanikwa. Zikishakauka hupasuliwa, viini hupondwa, hukaangwa na kusagwa hadi viwe rojo la kahawia. Rojo hilo hukandwa kwa mkono pamoja na maji mpaka mafuta yapande juu kama povu jeupe, ambalo huoshwa, huchemshwa, huchujwa na kuachwa ligande. Kokwa zikirundikwa siku nyingi kabla ya kuchemshwa huchipua, asidi hupanda na siagi huchacha mapema. Ukikaanga kupita kiasi, harufu ya kuungua haitoki tena. Kilo 1 ya siagi inakula viini kilo 3 hadi 4, mbali na kuni na maji yanayobebwa kichwani.

Kwa jasho la namna hiyo, mnunuzi anayetaja bei na kiasi mapema, kisha akaongeza fungu la shule na maji, ni neema. Anayebeza hilo ajaribu kuuza kokwa mbichi kwa dalali wa msimu.

Tatizo ni kwamba neema hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe hubadilika. Mwaka 2006 L'Oréal, kampuni kubwa ya vipodozi ya Ufaransa, iliinunua kampuni kwa pauni milioni 652. Roddick alijitetea kwamba ataigeuza L'Oréal kutokea ndani; mwaka uliofuata alifariki. Mwaka 2017 ikaenda kwa Natura ya Brazil, mwisho wa 2023 kwa kampuni ya uwekezaji ya Aurelius, na Februari 2024 tawi la Uingereza likawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Kisheria, mkopeshaji mwenye dhamana hulipwa kwanza. Muuzaji wa malighafi asiye na dhamana hupanga foleni nyuma, awe ameandikwa "mshirika" kwenye bango au la. Matunda ya shea hayangojei kesi iishe.

Mteja naye ana la kukagua. Viambato kwenye lebo hupangwa kwa uzito, kikubwa kwanza, hadi asilimia 1. Chini ya hapo mpangilio ni huru. Ukikuta Butyrospermum Parkii (ndiyo shea) baada ya Parfum (manukato), yaelekea umeuziwa chembe ya shea na picha ya mama wa Ghana.

Kaskazini mwa Uganda, Acholi na Lango, iko shea ya aina ya nilotica, yenye mafuta laini zaidi. Vikundi vya huko vinapofuatwa na kampuni yenye jina, mambo mawili yaandikwe kwenye mkataba: malipo ya awali kabla ya mavuno, na uhuru wa kuuza sehemu ya siagi kwa mnunuzi wa pili. Bila fedha ya uhakika, wa mkaa yupo na panga lake, na mti wa shea huchukua miaka 15 hadi 20 kuanza kuzaa.