Intaneti na sheria za mwenye nyumba

Siku chache baada ya Urusi kuivamia Ukraine mwaka 2022, serikali ya Kyiv iliiandikia ICANN, shirika linalosimamia mfumo wa majina ya vikoa duniani (yaani miishio ya anwani za tovuti, kama .com), ikitaka kikoa cha Urusi, .ru, kifutwe. ICANN ilikataa katakata. Lakini ICANN imesajiliwa California. Je, itakuwaje amri kama hiyo ikitoka kwa jaji wa Marekani?

Wapo wanaotaka ICANN ihame Marekani, na hawaoti ndoto. Mwaka 2014, watu walioshinda kesi za fidia dhidi ya Iran walitaka wakabidhiwe kikoa cha nchi hiyo, .ir, kama mali ya mdaiwa. Mahakama ya rufaa ya Washington iliwakatalia mwaka 2016, ila sababu yake inatia wasiwasi: haikutamka kwamba kikoa hakikamatiki, iliona tu kuwa wasiohusika wangeumia mno. Majaji wengine wangeweza kupima vingine. Na ICANN ikitaka kuhudumia nchi iliyo chini ya vikwazo, huenda ikalazimika kwanza kuomba leseni ya Hazina ya Marekani.

Sawa, ihamie wapi? Uswisi hutajwa kila mara, kana kwamba haikufuata vikwazo vya Umoja wa Ulaya dhidi ya Urusi mwaka 2022. RIPE NCC, inayogawa anwani za IP (namba zinazotambulisha vifaa kwenye intaneti) kutoka Amsterdam, nayo imelazimika kuzuia usajili wa baadhi ya wanachama kwa sababu ya vikwazo hivyohivyo.

Mfano unaonisumbua zaidi ni AFRINIC, mgawaji wa anwani hizo kwa Afrika, yenye makao Morisi. Huko hakuna dola kubwa iliyonyoosha mkono. Mwaka 2021 kampuni mwanachama, katika mgogoro wa anwani, ilipata amri ya mahakama ya kuzuia akaunti za benki za shirika. Baadaye bodi ikakosa akidi, na mwaka 2023 mahakama ikateua msimamizi rasmi (receiver) wa kuliendesha. Kesi ya madai tu, katika nchi ndogo na tulivu, ikatikisa huduma ya bara zima.

Kinga kamili ya kimataifa dhidi ya mahakama zote, basi? Hapo nasita. Mwaka 2020 usajili wa .org, kikoa kinachotumiwa sana na mashirika yasiyo ya kibiashara, ulikaribia kuuzwa kwa wawekezaji binafsi. Mwanasheria Mkuu wa California aliandika kuipinga biashara hiyo, na ICANN ikaikataa wiki mbili baadaye. Shirika lisiloshtakika popote lisingemjali.

Naona kinga inayofaa ni finyu: ilinde orodha ya majina na namba peke yake, huku fedha, mikataba na ajira vikibaki mikononi mwa mahakama. Mwaka 2018 kikundi cha wadau wa ICANN kilipendekeza jambo dogo zaidi ya hilo, yaani shirika liombe leseni ya jumla badala ya kubisha hodi Hazina kwa kila kesi. Brazil ilipinga ripoti hiyo, ikiiona haijagusa mamlaka ya mahakama za Marekani. Kwa hoja hiyo, Brazil ilikuwa sahihi.